Katiba Niliyowaandikia

Baba yangu tulimzika watu tisa, na wawili kati yao walikuwa watoto wa shule. Kijiji kizima kilikuwepo siku ile, kila kaya ikiwa kwake, na moshi wa chakula cha mchana ulitoka majikoni kama siku yoyote. Udongo mweusi wa kwetu ukifika kiangazi unakuwa jiwe. Mdogo wangu wa kiume alichimba kuanzia alfajiri, na mume wangu, mwalimu wa hesabu ambaye jembe analijua kwa kuliona, alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Katekista alikuja kwa baiskeli kutoka kijiji cha pili, akasoma sala haraka haraka, akaondoka bila kunywa chai.

Baba alikuwa amechimba makaburi ya nusu ya watu waliolala katika ardhi ile. Msiba ukitokea, alikuwa anatangulia na sururu yake kabla hajaitwa. Kabla hajafa alitaka jambo moja tu, kwamba kaburi lake lichimbwe na jirani zake. Hakulipata. Tulipokuwa tunamshusha, mjane mmoja alipita barabarani na ndoo ya maji kichwani. Hakugeuza shingo. Baba alitengwa na kijiji kwa ajili ya mjane huyo, na aliyeandika kwamba asigeuze shingo ni mimi.

Wenzangu wa ofisini wanaponipa pole huniambia nisijilaumu. Wananichosha. Nitaeleza ilivyokuwa, halafu mwenye kusema aseme tena.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, ofisi yangu iko Bariadi mjini. Kijiji chetu kiko mbele ya Dutwa, unashuka kwenye basi na kumalizia njia kwa pikipiki. Niliondoka pale nikiwa na miaka kumi na mitatu kwenda shule ya bweni, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kurudi Krismasi na kwenye misiba. Nilirudi na cheti, nikarudi na shahada, nikarudi na mkoba wa kompyuta. Kila niliporudi baba alinitambulisha upya kwa watu walionijua tangu nazaliwa.

Kwetu kuna serikali ya kijiji yenye mhuri, na kuna serikali nyingine iliyokuwepo kabla ya mhuri. Hiyo ya pili ina wazee wake, tunawaita banamhala. Ina kikao chake, dagashida, ambapo kila mwenye kaya anakaa chini na kusema lake mpaka limwishe. Ina jeshi lake lisilo na bunduki: mwizi akichukua ng'ombe unapigwa mwano, ule ukelele wa kuita watu, na kila kaya lazima itoe mtu mbio. Na ina adhabu inayoogopwa kuliko jela, nayo ni kutengwa. Aliyetengwa hapigwi wala hafukuzwi. Hasalimiwi tu. Hapewi moto wala chumvi, halimiwi shamba, haulizwi habari za mgonjwa. Anaishi katikati ya watu zaidi ya mia tano na hakuna anayemwona.

Mwaka mmoja halmashauri ilitangaza kwamba kisima cha pampu kitachimbwa kwenye vijiji vyenye vikundi vilivyosajiliwa. Usajili unataka katiba. Wazee wa kwetu walikuwa na sheria tangu enzi za watemi lakini katiba hawakuwa nayo, kwa sababu hawakuwahi kuona haja ya kuandika kitu ambacho kila mtu anakijua. Wakamtuma baba kwangu. Baba alifika ofisini amevaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kiti cha wageni kama mgeni, akaniambia, "Wazee wanaomba uje utuandikie. Wewe ndiye mtoto wetu unayejua lugha ya ofisi."

Nilivimba kichwa. Sioni aibu kulisema sasa, maana nimeshapata aibu kubwa kuliko hiyo.

Tulikutana Jumamosi kwenye ghala la pamba, msimu ulikuwa umekwisha na ghala lilikuwa tupu. Wanaume walikaa juu ya magunia, wanawake kwenye mikeka upande wa mlangoni, na mimi nikasimama mbele na bango kitita langu na kalamu za rangi tatu. Nilikuwa na ajenda. Niliwauliza: kosa ni lipi? Adhabu yake ni ipi? Nani anaitoa? Walijibu vizuri sana, walijibu nilichouliza. Tulipofika kwenye kutengwa nikauliza ni mambo gani hasa yanakatazwa, na katibu wao, kijana mwenye kidato cha nne na kiherehere cha vidato sita, akasimama kunisaidia.

"Tuandike kusalimiana," alisema. "Tuandike kuingia, kula. Na kunywa tuweke, maana watu ni wajanja. Atasema hakula, alikunywa tu."

Nikaliandika na hilo la kunywa. Ndipo baba akanyoosha mkono. Katika kikao kizima hakuwa amesema neno.

"Hilo la kutengwa lina mlango wake," alisema. "Usiliandike bila mlango."

Nilitazama saa. Nilikuwa na vifungu vingi mbele yangu na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Maswa.

"Baba," nikamwambia mbele ya watu wote, "hilo tutalizungumza kwenye mengineyo."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao, akashusha mkono. Tulipofika kwenye mengineyo mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba mtu hamsikii aliye ubavuni kwake. Nikakusanya saini na alama za dole gumba, nikafunika kompyuta yangu kwa khanga, kikao kikaisha.

Mlango aliokuwa anausema baba nilikuwa nimeuona kwa macho yangu nikiwa mtoto, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu akitengwa, yanapita majuma, pengine miezi. Halafu siku moja bibi fulani wa kijiji, mzee kabisa, asiye wa ukoo wake, anaamka na fimbo yake na kwenda mpaka kwa yule aliyetengwa. Anaingia jikoni, anakaa chini, anaomba maji ya kunywa. Akishakunywa, adhabu imekwisha. Hakuna aliyemtuma. Hakuna kikao, hakuna kura. Jioni hiyo watu wanaanza kusalimiana kana kwamba hakukuwa na kitu. Wazee wenyewe hawaulizi, kwa sababu wao ndio wanakuwa wamechoka kabla ya wengine na hawana namna ya kurudi nyuma bila kuonekana wamerudi. Nililiona hilo mara mbili kabla sijaenda bwenini. Halikuniingia kichwani kama sheria. Niliona bibi amesikia kiu.

Katiba ilipita. Nilipewa sifa na mkurugenzi wangu, kisima kikachimbwa, watu wakashangilia maji ya kwanza, na karatasi zangu kumi na moja zikawekwa plastiki ngumu na kutundikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Wageni wakija walionyeshwa. Wazee wasiojua kusoma walizishika kwa vidole viwili, pembeni, wasizichafue. Nilikuwa nimewapa kitu, na wao walikipenda, na hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Ningependa awepo mmoja wa kumchukia, ningepumua.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, ng'ombe wa watu waliibwa na mwano ukapigwa. Kaya ya yule mjane haikutoa mtu. Haikuwa na mtu wa kutoa: mume alikuwa amekufa, wanawe wako machimboni Geita, na yeye ana goti linalovimba. Zamani wangemnung'unikia wakaacha. Safari hii katibu alileta karatasi na kusoma: kila kaya itatoa mtu. Mjane akatengwa.

Alinifuata Bariadi. Alipanda basi na goti lake, akakaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi mpaka nilipomaliza kikao. "Mama," alinisemesha kwa heshima, mimi ninayeweza kuwa mwanawe, "wewe ndiye uliyeiandika. Waambie."

Nilimwambia kwamba katiba waliipitisha wao wenyewe, kwamba mimi nilikuwa mwezeshaji tu, kwamba siwezi kuingilia maamuzi ya jamii. Nilimwambia vizuri, nilimletea hata soda. Akainywa yote, akashukuru, akaenda zake.

Mvua zikanyesha. Kwetu asiyelima katika majuma mawili ya mwanzo ameupoteza mwaka wake. Kaya zote zilikuwa shambani isipokuwa ya mjane, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumpelekea maksai. Baba alitazama shamba lile siku tatu akipita. Siku ya nne, asubuhi kweupe, alifunga maksai wake na plau, akaenda kumlimia mpaka jua lilipokuwa utosini, kila mtu akimwona. Akarudi nyumbani akanawa, akala.

Kifungu cha kumi na nne kinasema mtu yeyote atakayeisaidia kaya iliyotengwa naye atatengwa. Baba alikijua. Alinipigia simu mwenyewe kunieleza, na hakusikika mwenye wasiwasi. "Nimekula adhabu yako," alisema, kisha akaniuliza habari za watoto.

Mjane alitoa mbuzi wa kuomba radhi, akapokelewa. Baba alikataa. Alisema akitoa mbuzi atakuwa amekiri kwamba kumlimia mwenye njaa ni kosa, na yeye hajaona kosa. Nilinunua mbuzi mwenyewe Dutwa mnadani na kumpeleka kwa wazee kwa niaba yake. Wakanisomea: atakuja mkosaji mwenyewe. Nilirudi na yule mbuzi nyuma ya pikipiki, amefungwa miguu, analia njia nzima.

Basi wakaishi hivyo, baba na mdogo wangu na mkewe. Wifi yangu hakuweza kupanga foleni kwenye kisima, kile kisima kilicholetwa na karatasi zangu, kwa sababu akifika wanawake wanaondoka na ndoo zao tupu mpaka naye aondoke. Akawa anakwenda kufukua maji mchangani kwenye mto mkavu. Pamba waliivuna wenyewe, nyingine ikaanguka chini. Na mjane, ambaye shamba lake lilikuwa limeota vizuri kuliko yote, alikuwa akimwona baba anakuja anashika njia nyingine. Nilimchukia kwa hilo muda mrefu. Siku hizi sipati nguvu. Alikuwa ameonja kutengwa mara moja, na goti lake ni lilelile.

Baba aliugua mavuno yalipokwisha. Kifua kilianza, miguu ikavimba, na hospitali ya mkoa wakakaa naye siku tisa kisha wakaniita pembeni wakaniambia nimrudishe nyumbani akae na watu wake. Daktari alisema hivyohivyo, akae na watu wake. Nikachukua likizo nikamrudisha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa wazee. Alinipokelea nje ya uzio, akabaki amesimama ili isiwe mazungumzo. Ni mtu aliyekua na baba, walichunga pamoja, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee anakufa," nilimwambia. "Naomba muitishe kikao mumfungulie."

"Kikao kikae kwa kifungu gani?" aliniuliza.

Nilitafuta kichwani mwangu vifungu vyote thelathini na viwili, na mimi ndiye mtunzi, sikupata.

"Zamani tungejua la kufanya," alisema. "Sasa tukimfungulia baba yako kienyeji, yule wa bondeni aliyelipa ng'ombe ili afunguliwe atasema tumempendelea kwa sababu binti yake ni wa serikali. Na atakuwa na haki. Mtafute huyo bibi." Alikusudia bibi wa maji. Akanipa mgongo kabla sijamshukuru.

Sikuhitaji kumtafuta. Alikuja mwenyewe kesho yake, kwenye saa nne asubuhi. Ni mkunga wa kijiji, mwembamba, anaishi peke yake kwenye nyumba ya nyasi iliyo mwisho wa mashamba ya mtama. Nilimwona amesimama kwenye uwazi wa uzio wa minyaa na fimbo yake. Wifi yangu, ambaye alimwona pia, alikwenda kuosha kikombe.

Nilimkaribia nikamwamkia. "Mwadila, bibi."

"Mwadila, ng'wana wane." Alijibu kwa sauti ndogo, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. Alikuwa anaitazama nyumba. "Wanasema umeandika kuhusu maji."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi sisomi. Sijui kama mimi nimo humo." Akangoja. "Nimo?"

Akachora kitu chini kwa fimbo. Alinipa muda mrefu sana, sasa ninapokumbuka. Mimi nikatoa simu kwenye mfuko wa gauni, maana nakala ninayo humo, nikatafuta kifungu nikakipata. Niliwaza mwanamke huyu anaishi peke yake, anachotewa maji na watoto wa jirani, anapelekewa kuni. Niliwaza nikimficha atatengwa, na kutengwa kwake kutakuwa kifo. Nilijiona mtu mwema. Nikamsomea neno kwa neno, kwa sauti ile ninayosomea mikutanoni: mtu yeyote atakayeingia, kula, kunywa au kusalimiana na kaya iliyotengwa.

"Yeyote," alisema.

"Yeyote, bibi."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaitazama nyumba mara nyingine, akageuka, akaondoka. Nyuma yangu wifi alikuwa amesimama na kikombe mkononi, maji yakimwagika kidogo kidogo.

Baba alikuwa macho, ameegemezwa ukutani. "Ni yeye?" aliniuliza.

"Ni yeye."

"Amekunywa?"

"Hapana. Aliuliza kama yumo kwenye kifungu."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemsomea, baba."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Ungemwambia hukumbuki."

"Wangemtenga, baba. Anakaa peke yake."

"Nani amtenge?" Alipata shida kuvuta pumzi na nikamwambia apumzike, akakataa kwa mkono. "Watu wa nyumba zote hizi amewapokea yeye. Huyo katibu wenu kitovu chake kakikata yeye. Nani kati yao angesimama kusema mama huyu atengwe? Wangenyamaza, na karatasi ingenyamaza nao. Walikuwa wanamngoja, mwanangu. Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja."

Nilitoka mbio, bila viatu. Nilimkuta kwenye ukingo wa shamba lake la mtama, amesimama kupumzisha mgongo. Nilimshika mkono, sikumbuki kama nililia, nadhani nililia.

"Bibi, rudi. Rudi unywe. Hawatakufanya kitu."

"Najua hawatanifanya kitu," alisema.

"Basi twende."

Alinitazama bila hasira, na bora angenikasirikia.

"Nilikuja ili uniambie hakuna kitu, ng'wana wane. Mtu ambaye hajaambiwa anakunywa tu, na walio na sheria wanasema bibi hajui, tumwache. Miaka yote nimeingia hivyo." Akautoa mkono wake polepole kwenye mkono wangu. "Sasa umenisomea. Wifi yako kasikia, na wale wa ng'ambo ya barabara wamesikia, sauti yako ni kubwa. Siwezi tena kuwa sijui."

Aliniacha pale akaingia kwake. Baba alikufa Alhamisi.